Mtoto wa Wiki Sita Hakalishwi Kwenye Pusha

Newcastle, New South Wales, 11 Machi 1958

Dada Verna,

Salamu kwako, kwa shemeji Perce, kwa watoto wako Glenys na Des, na kwa wale kuku wako wanaotaga kwa mgomo. Sisi tu wazima. Les wangu aliungua mkono kidogo huko kiwandani kwenye chuma, lakini uma anaushika vizuri, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Joto la huku bado halijatuachia.

Sasa kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Tumepata mtoto. Si wa tumbo langu. Habari za tumbo langu unazijua, huu mwaka wa kumi na moja. Ni wa kulea, tumempata kwa njia ya hospitali na mahakama, kila kitu kwa halali yake. Ni wa kiume, jina lake Colin, ana wiki sita. Mama yake ni msichana ambaye hakuweza kukaa naye, na zaidi ya hapo tuliambiwa tusiulize.

Nakujua, utataka kupanda treni kesho asubuhi. Tafadhali usipande. Tuache kwanza tuzoeane naye, nitakuita mwenyewe wakati ukifika.

Naomba kitu kimoja. Kama ile pusha ya zamani ya kusukumia watoto bado iko bandani, itie kwenye treni ya mizigo uniletee.

Mdogo wako,
Elva


Stawell, 19 Machi 1958

Mdogo wangu Elva,

Barua yako imenikuta nikichuna sungura, nikaisoma kwa mikono hiyohiyo yenye damu, ndiyo maana nakuandikia nikiwa nimeiweka mbali. Hapa wote wazima. Perce anakohoa kama kila vuli. Des amepita mtihani wa hesabu kwa miujiza. Glenys bado yuko pale kwenye duka la vitambaa, bado hali vizuri, tangu arudi kutoka kwako amekuwa mtu wa ndiyo na hapana.

Mtoto, Elva. Nililia mpaka Perce akadhani mtu kafa. Miaka kumi na moja nimekuombea kila Jumapili, na Mungu ananijibu kwa barua ya ukurasa mmoja, tena imeandikwa upande mmoja tu.

Lakini hebu niambie, una akili sawasawa? Mtoto wa wiki sita unamtakia pusha? Mtoto wa wiki sita halishiki hata shingo lake. Ukimkalisha humo atajikunja kama gunia la viazi lililobaki nusu. Mtoto wa umri huo analala chali kwenye pramu, tena na godoro la manyoya chini. Pramu ya Mama ipo, nimeifunika shuka miaka yote hii nikingoja siku yako. Mama alitusukuma humo wote wawili, na mimi nikawasukuma wangu, mtaa mzima ukitusimamisha kumwangalia mtoto. Wako hatapitwa na hilo. Pramu inakuja, pusha itasubiri.

Na hiyo ya kuniambia nisije nimeisoma. Sijaielewa, lakini nimeisoma.

Dada yako,
Verna


Newcastle, 2 Aprili 1958

Dada Verna,

Pasaka njema kwenu nyote. Mkono wa Les umepona. Colin hajambo, analala, anaamka, anakula.

Umenichekesha na gunia lako la viazi. Dada, umesahau nimekaa New South Wales miaka kumi na miwili, maneno yangu yamechanganyika. Huku ukiingia dukani ukataja pusha, muuzaji anadhani unatafuta mtu wa kukusukuma wewe. Wao wanasema strola. Jirani yangu Bi. Tattersall, yule Mwingereza, anaita kiti cha kusukuma, na pramu yake mwenyewe ni kubwa hata mume wake huipisha njia. Les zote anaziita gari la bwana mdogo. Basi mimi niliandika pusha nikimaanisha chombo chochote chenye magurudumu. Usilichunguze sana.

Ila pramu ya Mama ni nzito, treni itaivunja. Iache kwako. Nitumie hiyo pusha tu, atakua, watoto hukua haraka.

Mdogo wako,
Elva


Stawell, 14 Aprili 1958

Mdogo wangu,

Pasaka imepita salama. Zile mbio za kila Pasaka zilijaza mji, wageni wamekanyaga maua yangu ya mbele, na mtu tuliyemshangilia alishika mkia. Perce anakohoa, Des anakula.

Elva, wewe umezaliwa Stawell. Mimi ndiye niliyekusukuma kwenye ile pramu nikiwa na miaka tisa, nikakuangusha nayo kwenye mtaro mbele ya kanisa la Wamethodisti, na ukapata hiyo alama ya kwenye nyusi. Huwezi kusahau pramu ni ipi na pusha ni ipi, hata ukikaa miaka mia kwa hao watu wa strola. Pramu ni ya anayelala, pusha ni ya anayeketi. Hilo hulijui leo?

Nilikuwa nimeamua kukusamehe. Jumamosi ya Pasaka, watu wote wakiwa uwanjani, nilitoa pramu na pusha barazani nizisafishe. Glenys alibaki nami, alisema ana mafua. Nikamwambia atie mafuta magurudumu ya pramu. Akaizunguka, hakuigusa hata kwa kidole. Akachukua pusha. Akausugua mwanzi wake uliosukwa kwa maji ya chumvi, kamba kwa kamba, saa nzima. Halafu akaufunga mkanda. Akaufunga tundu la tatu.

Unaukumbuka mkanda huo. Perce aliutoboa kwa msumari. Tundu la kwanza ni la mtoto anayeanza kuketi, la pili akijazajaza. La tatu hakuna aliyewahi kulifikia isipokuwa Glenys mwenyewe, maana alikuwa na tumbo la diwani. Nikamwambia, "Mwanangu, wa wiki sita ukimfungia tundu la tatu si atachomoka kama sabuni?"

Akasema, kichwa chini vilevile, "Huyu ni mnene, Mama. Ana mikunjo mitatu kwenye paja."

"Nani kakwambia?"

"Mama mdogo si kaandika."

Elva, barua za nyumba hii nafungua mimi. Nimeziweka zako zote mbili mezani nikazisoma tena mbele na nyuma. Hamna paja.

Sina la kuongeza kwa leo. Nijibu.

Verna


Stawell, 29 Aprili 1958

Elva,

Salamu. Wote wazima.

Siku kumi na tano kimya. Nimehesabu kwa vidole, kisha nikahesabu kwa kalenda ya bucha iliyo ukutani, kisha nikaigeuza ikaangalia ukuta. Aprili mwaka jana Glenys aliondoka hapa kuja kwako kujifunza kazi ya duka. Alivaa koti la baba yake, na siku hiyo haikuwa na baridi. Mimi mama yake nikamwambia koti halimpendezi. Alirudi Oktoba, amekonda, nikamlaumu kwamba chakula chako ndicho kibaya.

Neno ninalolifikiria siliandiki. Nataka uliandike wewe. Glenys simwulizi, kwa sababu naogopa atanijibu.

Mtoto ana umri gani?

Pusha iko barazani. Haiendi popote mpaka nijibiwe.

Verna


Newcastle, 20 Mei 1958

Dada yangu Verna,

Salamu. Les ni mzima. Mvua imenyesha wiki nzima. Kalamu hii nimeishika na kuiweka tangu barua yako ya kwanza, mpaka Les akaniambia, "Andika, au nitaandika mimi, na mwandiko wangu unaujua."

Colin ana miezi tisa na siku kumi na moja. Anaketi mwenyewe tangu Februari. Ana meno manne. Paja lina mikunjo mitatu, na wa nne unakuja.

Ni mtoto wa Glenys. Nimeliandika.

Baba yake usiniulize. Alikuja na wanyoa kondoo, akaenda Queensland, na Glenys hataki jina lake litajwe mezani. Nilipokwenda kumpokea stesheni nilijua kabla hajavua koti. Usiku uleule nilitaka kukuandikia. Akapiga magoti jikoni kwangu, Verna, akashika miguu ya kiti changu, akasema nikikuandikia ataondoka aende asikojua. Nikanyamaza. Hospitali walikuwa na watu tayari, wageni wenye nyumba nzuri, wa kumchukua siku ya tano. Siku ya nne Glenys akanishika mkono akasema, "Mama mdogo, mchukue wewe. Kwako nitajua yuko wapi." Nani angesema hapana? Mimi ambaye nimefuma soksi za watoto wa watu miaka kumi na moja?

Kila mwezi namtumia picha kwa anwani ya duka lake. Ndiyo hayo mapaja.

Utauliza kwa nini hakuja kwako, mama yake mzazi. Nami nilimwuliza. Sikutaka kuliandika hili, lakini nimedanganya vya kutosha. Alisema mwaka wa hamsini na tano mlikuwa mkitoka bucha, umemshika mkono, na Shirley Opie akaja na pramu yake mpya, hana pete kidoleni. Hapo Stawell hakuna anayepita pramu bila kusimama. Hata adui yako unasimama, unainama, unasema mtoto mzuri, hata kama amefanana na kiazi. Glenys anasema Shirley alipunguza mwendo. Akashusha na kile kifuniko ili uone. Nawe ukapita, unaangalia dirisha la duka la viatu. Anasema mkono wako haukutetemeka hata kidogo. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Karatasi za mahakama zilitoka Februari. Kisheria ni wangu. Lakini mbele yako sina karatasi. Ukimleta Glenys hapa akasema anamtaka mwanawe, sijui nitasimama vipi mlangoni. Usiku naamka kuangalia kama bado yumo kitandani. Ndiyo sababu ya zile wiki sita, dada. Niliona umri ukiwa mdogo hutahesabu.

Na pusha, ningeweza kununua. Huku zimejaa. Nilitaka akalie alipokalia mama yake. Ni upumbavu, nao umenifichua.

Elva


Stawell, 8 Juni 1958

Elva,

Nimeianza barua hii mara nne kwa salamu na mara nne nimeichana. Basi salamu.

Mimi ni bibi. Miezi tisa nimekuwa bibi, na katika miezi hiyo nimeoka keki za mnada wa kanisa, nimepiga chokaa banda la kuku, nimegombana na mke wa mchungaji juu ya mapazia. Hakuna mbwa mjini hapa aliyezaa nisijue, na damu yangu mwenyewe imeota meno manne bila mimi. Nilikaa sakafuni mwa jikoni, barua mkononi. Sijui nilikaa muda gani. Birika lilikauka maji likaungua.

Kwanza nilikukasirikia wewe. Nilitafuta maneno makali, na unajua siyakosi. Kisha nikafika kwenye habari ya Shirley Opie, nikasema kwa sauti, peke yangu, kwamba ni uongo, mimi sikumbuki kitu kama hicho. Elva, nakumbuka. Nakumbuka hata viatu vilivyokuwa dirishani, vya kahawia, vya wanaume. Niliviangalia kwa bidii sana. Nilidhani namfundisha binti yangu. Na kweli alijifunza.

Glenys aliporudi kazini nilikuwa bado sakafuni. Aliiona bahasha. Hakukimbia. Alivua kofia, akaketi chini kando yangu na sketi yake nzuri.

Nikamwuliza, "Ungeniambia, ningekufukuza?"

Akafikiri. Nilitamani ajibu upesi, hakujibu upesi. Akasema, "Hapana. Ungenipikia, ungenifulia. Ila ungekuwa huniangalii."

Nilipigwa na Baba nikiwa mtoto, haikuniuma hivyo.

Perce nilimwambia mimi. Alitoka akaenda bandani, nikadhani ndiyo mwisho wa nyumba yangu. Baada ya saa moja alirudi na ule mkanda wa pusha, ameupaka mafuta ukalainika, na ametoboa tundu la nne. Akaniambia, "Kama amefanana na mama yake, lile la tatu halifiki Krismasi." Kisha akalia, na kikohozi chake, ilikuwa shida kujua lipi ni lipi.

Sasa hofu yako. Nilimwuliza Glenys waziwazi, mbele ya baba yake, anamtaka mtoto? Alisema kwamba Colin ana mama, na ni yeye Glenys aliyemchagua mama huyo, na hatamnyang'anya mtu aliyempa kwa mikono yake mwenyewe. Anataka kitu kimoja. Anasema zile wiki za Agosti na Septemba alizokaa kwako baada ya kuzaa, hakumtoa mtoto nje ya lango hata mara moja, watu wasije wakaona. Anataka kumsukuma barabarani, mchana, mara moja. Umkubalie.

Tunakuja Julai, yeye na mimi na pusha. Sitabisha hodi kwako kama mtu wa kudai. Lakini nitabisha.

Dada yako,
Verna


Newcastle, 19 Juni 1958

Dada Verna,

Salamu kwa wote, na kwa shemeji Perce salamu ya peke yake.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, mahali palepale nilipokuwa naogopa kusimama. Njoni. Nimeshatandika kitanda cha Glenys. Bado naogopa, sitasema siogopi, lakini njoni.

Colin ametembea jana. Hatua nne, kutoka mguu wa Les mpaka ndoo. Mkifika huenda atagoma kuketi kwenye pusha. Ileteni hivyohivyo.

Elva


Stawell, 11 Agosti 1958

Mdogo wangu Elva,

Tulifika nyumbani salama, tumechoka, Des ameacha nyumba kama imepigwa na kimbunga. Perce anazikodolea macho zile picha mpaka chai inapoa. Juzi, siku ya mwaka mmoja wa Colin, niliweka mshumaa kwenye kimkate cha skoni, tukakila sisi wanne bila kuambizana ni cha nini.

Kuna jambo sikukwambia pale stesheni kwa sababu ningelia na treni ilikuwa inaondoka. Asubuhi ile Glenys alipomfunga kwenye pusha, tundu la tatu lilimtosha sawasawa, na akatoka naye langoni, wewe ulibaki dirishani umeshika pazia. Mimi nilifuata nyuma hatua kumi, kama alivyoniomba. Hawajafika kwenye duka la mboga, wanawake wawili wakawasimamisha, yule Bi. Tattersall wako na mwingine mwenye kofia ya kijani. Wakainama. Wakamminya shavu. Mwenye kofia akasema, "Jamani mashavu haya! Ni wako, binti?"

Nikasimama pale nyuma. Nilimwona Glenys anashika ule mpini kwa mikono yote miwili. Akasema, "Ni wa mama mdogo Elva. Mimi ni binamu yake." Sauti yake haikuyumba. Kisha akasema, "Lakini mwangalieni vizuri. Ana meno sita sasa." Wakamwangalia vizuri. Wakachukua muda wao. Naye akasimama pale amenyooka, jua linampiga usoni, mpaka wakatosheka.

Tangu siku hiyo anakula.

Na Ijumaa iliyopita nilikuwa natoka bucha peke yangu, nikakutana na Shirley Opie mahali palepale, dirisha lilelile la viatu. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kuinama, nikainama, na hapakuwa na kitu cha kuinamia. Hakuwa na pramu wala pusha. Alikuwa na msichana mdogo mwenye mikia miwili ya nywele, amesimama kwa miguu yake.

Shirley akaniangalia, akasema taratibu, bila ukali, "Umechelewa, Bi. Trewin. Siku hizi anatembea."

Nikasema najua nimechelewa. Nikapiga goti pale pale kwenye njia ya watu, na kikapu changu cha nyama, nikamwuliza mtoto jina lake. Anaitwa Lorraine. Miaka mitatu tunaishi mtaa mmoja, Elva, na jina lake nilikuwa silijui.

Dada yako,
Verna